Wigi ya Mama Toledo

Ozzie Lubin hakuwa mchekeshaji mzuri, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Ujana wake wote, kwenye vile vilabu vya upande wa mashariki wa Manhattan, New York, vya kushuka ngazi kabla hujafika mlangoni, kazi yake ilikuwa kutangulia jukwaani, kuwatuliza walevi, kisha kumtangaza anayefuata. Mshereheshaji. Alikuwa na sauti nzuri, suti moja ya kumetameta na adabu, basi. Wenzake walimwambia wazi kwamba akijaribu kuchekesha watu huanza kutafuta makoti yao, naye hakubisha hata siku moja.

Wenzake hao wamekufa, karibu wote. Ukimwi uliwafagia wakiwa bado wanabishana nani mzuri kuliko nani. Ozzie naye haukumwacha hivihivi, usidhani alikuwa na ujanja wowote. Ila dawa za maana zilipotoka zilimkuta bado anavuta pumzi, na toka hapo anameza kidonge chake kila asubuhi kwa kahawa, anafunga tai, anakwenda zake kwenye duka la vifungo. Huko anauza vifungo, zipu na lesi kwa mafundi wanaoshona mavazi ya tamthilia. Ana miaka sitini na kitu, kitambi kimemkaa vizuri, anaishi chumba na nusu ghorofa ya tano isiyo na lifti. Ukimuuliza habari atakwambia nzuri, na wala hatakuwa anakudanganya.

Kwenye hicho chumba na nusu kuna wigi. Zimejaa kwenye rafu, juu ya jokofu, mpaka kwenye dirisha la bafuni, kila moja juu ya kichwa chake cha bandia cha sponji. Alizipataje? Enzi zile mtu akifa kulikuwa na mbio. Wazazi wapo njiani wanatoka Iowa au Georgia, wazazi ambao pengine hawajampigia mtoto simu tangu alipohama, na wakifungua kabati wakakuta magauni, basi kila kitu kinaishia kwenye mifuko ya taka. Kwa hiyo marafiki walikuwa wanawahi. Huyu anabeba magauni, huyu picha, huyu paka. Ozzie kwa kuwa ana mikono ya taratibu akawa anapewa wigi. Hakuna aliyemteua, ni vile tu mtu unajikuta.

Ndipo uzeeni, watu wa rika lake wanapoanza kulima nyanya kwenye ndoo, yeye akaanzisha onyesho. Kila Jumapili alasiri katika majira ya vuli, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja lenye mchungaji mpole, anazipanga wigi jukwaani. Anavaa moja moja, na kwa kila moja anafanya dakika chache za mwenye wigi. Kuna Lonnie, aliyekuwa akiimba nyimbo za dini amevaa gauni la harusi huku akimtafuta bwana harusi kati ya watazamaji. Kuna Yukio, aliyekuwa akimwigiza mama mkwe wake kwa mikono tu, bila neno, watu wanatoka na mbavu zinauma. Hawa hawakuandikwa gazetini wala kurekodiwa. Walikufa kabla hawajapata jina, na vichekesho vyao vilibaki kwenye kichwa cha mtu mmoja tu, kichwa cha mshereheshaji aliyekuwa amesimama pembeni usiku baada ya usiku akisubiri zamu yake ya kusema tupigeni makofi.

Sasa, kuna sheria. Kwa wachekeshaji, kumwibia mwenzako kichekesho ni kubaya kuliko kumwibia mume, maana mume hurudi. Mtu aliyegundulika ameiba hata sentensi moja, watu wanamgeuzia mgongo mpaka anahama mji. Lakini kichekesho cha marehemu, ukitaja jina lake kwanza kwa sauti, hicho hujaiba, hicho umembebea. Ozzie aliishika sheria hiyo kama mtu wa dini. Cha aliye hai hakukigusa, hata kama mwenyewe amekisahau, hata kama amemruhusu kwa mdomo wake.

Wigi ya mwisho kila Jumapili ilikuwa ya Mama Toledo. Kubwa, ya rangi ya machungwa, imesimama juu kama keki iliyoumuka kupita kiasi. Mwenyewe aliitwa Clyde Hutchins, kijana wa Toledo, Ohio, mwembamba tangu tumboni mwa mama yake. Jukwaani alikuwa mama mmoja wa kanisani, mwenye mkoba, anayehudhuria mazishi yote ya mjini kwa ajili ya chakula tu. Na mji ule miaka ile mazishi hayakukosekana. Mama Toledo anasimama anaupa kila msiba maksi: marehemu nilimpenda mno, lakini saladi ya viazi walitia zabibu kavu, na mtu anayetia zabibu kavu kwenye viazi na yeye azikwe. Anaendelea hivyo, msiba kwa msiba, watu hoi, mpaka anafika kwenye mazishi yake mwenyewe. Amelala kwenye jeneza. Anainuka kidogo, anaangalia meza ya vyakula, anapitisha kidole sahani moja baada ya nyingine. Wanamwambia alale, kaburi linasubiri. Anasema:

"Mimi siendi popote mpaka nijue nani kaleta nini."

Hapo taa zinazimwa, na onyesho la Ozzie limeisha. Bila mwisho ule hakuna onyesho. Alishajaribu kumalizia na wengine, watu wakaenda nyumbani wamenyong'onyea. Kwa Mama Toledo wanatoka wanacheka na macho yao mekundu, wanashikana mikono kwenye ngazi.

Clyde alikufaje? Ilikuwa hivi. Mwaka wa themanini na nane, mwishoni mwa baridi, alipanda zile ngazi za Ozzie ameshika wigi mkononi. Akasema, nitunzie hii, narudi nyumbani kwa mama. Enzi zile maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mwanaume wa watu, mwembamba, anarudi nyumbani kwa mama: unamkumbatia, unamwambia unampenda, na simu hupigi, kwa sababu itapokelewa na baba. Ozzie alilia siku nyingi. Baadaye, ilipopita miezi bila habari, aliichana ile wigi kwa kitana, akaiweka rafuni pamoja na wenzake.

Basi, Jumapili moja ya Oktoba ukumbi ulikuwa umejaa kiasi chake, na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa mzee mmoja mrefu, mwembamba, kipara kinang'aa, amevaa jaketi la manjano la kazi. Ozzie alimwona mapema. Mshereheshaji haachi kuhesabu nyuso. Mzee yule alicheka kwa Lonnie, akafuta macho kwa Yukio. Ilipofika zamu ya Mama Toledo hakucheka hata kidogo. Alikuwa anachezesha midomo. Kila neno Ozzie alilosema, yule mzee alikuwa amelitangulia.

Ozzie alimaliza, akainama, akarudi chumba cha kubadilishia nguo, ambacho kwa kweli ni stoo ya kanisa ya viti. Bernadette alikuwa huko anakunja nyaya. Huyu Bernadette ndiye mwendesha taa, anayekaa kwenye kijumba cha kioo kule juu nyuma ya ukumbi, mama mzito wa miaka sabini mwenye sauti ya besi, na miaka ile ya msiba yeye na wanawake wenzake ndio waliokuwa wakiwaogesha wale vijana ambao wauguzi hawakutaka kuwagusa. Haogopi kitu. Mlango ukafunguliwa, yule mzee wa jaketi la manjano akasimama pale, akamwangalia Ozzie, akaiangalia wigi.

"Shoga," akasema, "wigi yangu umeiosha na nini? Mbona imekuwa na sura ya paka aliyenyeshewa?"

Ozzie akakaa. Alikalia wigi ya Yukio, jambo ambalo siku nyingine angejiua kwa ajili yake. Bernadette ndiye aliyeenda, akamshika yule mzee usoni kwa mikono miwili, akamgeuza huku, akamgeuza huku, kisha akamzaba kibao, kisha akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Akamwambia Clyde Hutchins wewe ni mshenzi, na akaanza kulia kwa ile sauti yake ya besi, na Clyde naye akalia.

Neno la kwanza la Ozzie lilikuwa la kijinga. "Lakini wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Ulirudi kwa mama yako."

"Nilirudi kwa mama yangu, ndiyo. Mama yangu haui watu, Ozzie."

"Na wigi ukaniachia."

"Sanduku lilijaa."

Walikwenda kula. Kuna mkahawa wa Wapolandi kule Barabara ya Pili ambao haujabadilisha viti wala mhudumu tangu ujana wao, wakakaa kwenye kona, wakaagiza supu nyekundu ya bitiruti na maandazi ya viazi ya kukaanga kwa siagi, wakala kama watu waliotoka safari. Ikajulikana kwamba na Clyde kwa upande wake alikuwa ameshamzika Ozzie zamani. Alisikia Lonnie kafa, akasikia Yukio kafa, na Ozzie alimwacha anakohoa vibaya, akajumlisha. Aliona akiandika barua itarudi. Alikaa Toledo akamuuguza mama yake mpaka uzee ukamchukua, na sasa anafundisha watu kuendesha gari. Siku moja mwanafunzi wake, msichana mwenye mdomo, akamsimulia alivyokwenda New York akamwona mzee mmoja anajifanya mama wa kutoka Toledo hapahapa, wa wigi ya machungwa. Ndiyo siku waliyopanda juu ya bustani ya watu na gari, na aliyekuwa ameshika usukani ni mwalimu.

Wakacheka mpaka mhudumu akaja kuwatazama. Ozzie alikuwa na furaha ambayo hajaipata tangu lini, furaha ya kumtazama mtu anatia krimu kwenye supu na kujua kwamba yupo. Alikuwa anamgusa mkono kila mara, kama kwa bahati mbaya. Halafu katikati ya furaha hiyo akaweka kijiko chini. Clyde yuko hai. Kichekesho ni cha Clyde. Amekifanya mbele ya watu misimu mitano, anashangiliwa nacho.

Wewe utasema, si angenyamaza tu, mbona mwenyewe halalamiki. Ozzie hakuwa wa hivyo. Aliufungua mfuko aliokuja nao, akaitoa wigi ya machungwa, akaiweka mezani kati ya bakuli. Akasema kwa ile sauti yake ya kutangazia watu kwamba hii ni mali ya mwenyewe, na kichekesho ni mali ya mwenyewe, na kwamba Jumapili ijayo Mama Toledo atapanda jukwaani na miguu yake. Yeye Ozzie atamtangaza. Alikuwa anatabasamu anaposema hivyo, na ilimuuma, msimwone hivi. Ule ulikuwa mwisho wa onyesho lake, na hajawahi kutunga mwisho mwingine maishani mwake wala hakuwa na kipaji cha kuutunga.

Clyde aliitazama ile wigi muda mrefu. Akasema sawa, atakaa mpaka Jumapili.

Wiki ile Clyde alilala kwenye kochi la Ozzie, miguu imening'inia nje, wigi zote zinamwangalia. Asubuhi Ozzie alikwenda kwenye vifungo vyake, jioni akirudi wanafanya mazoezi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Clyde alikuwa mbovu. Mbovu wa kusikitisha. Alisimama katikati ya chumba ana wigi kichwani, imeteleza kwa kuwa hakuna nywele za kuishikilia, akawa anasema maneno ya Mama Toledo kwa sauti ya mtu anayekwambia uangalie kioo cha pembeni kabla hujakata kona. Misiba mingine ameisahau. Ozzie akawa anamkumbusha, mstari kwa mstari, anamfundisha mtu kichekesho chake mwenyewe. Alipofika kwenye saladi ya viazi Clyde alinyamaza kabisa. Jumanne akanyamazia hapohapo, na Jumatano pia. Ozzie akaanza kuwa na hofu, kisha akawa na hasira kidogo, kwa sababu kumpa mtu kitu unachokipenda halafu ukaona anakikanyaga ni adhabu.

Jumatano hiyo akauliza, kwa upole ambao ulimgharimu, tatizo liko wapi. Clyde akavua wigi, akakaa kwenye kochi, akaiweka magotini.

"Efrain unamkumbuka?" akauliza.

"Efrain yupi? Yule wa taa?"

"Haya. Yule wa taa." Clyde akatikisa kichwa. "Mlikuwa mnamwita hivyo wote. Yule wa taa. Kitanda kimoja tulilala miaka minne, na hakuna aliyewahi kumtaja bila taa."

Ozzie alimkumbuka, kidogo. Efrain Rivas, Mpuerto Rico mfupi, mpole, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, muda wote yuko kule juu kwenye kijumba cha taa. Haongei na mtu. Anashuka watu wameshaondoka. Ozzie hakujua hata kama ni mpenzi wa mtu, achilia mbali wa Clyde, na Clyde alimweleza sababu: mama wa Efrain alikuwa Bronx, mwendo wa treni moja tu, mlokole, na Efrain aliomba wasimwambie yeyote, habari zisije zikamfikia. Siku habari ya ugonjwa ilipomfikia, mama huyo alifunga mlango. Clyde akampigia simu mama yake mwenyewe, mwimba kwaya wa kule Ohio, akitegemea kutukanwa. Mama akauliza kama huyo kijana anakula mayai. Ndipo Clyde akaichukua ile wigi akaipeleka kwa Ozzie, akampakia Efrain kwenye basi.

"Kwa hiyo mgonjwa hukuwa wewe," Ozzie akasema.

"Mimi sijawahi kuumwa. Mimi ni mwembamba tu, Ozzie. Nimewaambia toka siku ya kwanza."

Halafu akasema lile lenyewe. Mama Toledo hakumtunga yeye, hata neno moja. Ni Efrain aliyekuwa akikaa usiku jikoni akicheka peke yake, akiandika nyuma ya mifuko ya karatasi ya dukani, halafu anamsomea. Misiba, mkoba, zabibu kavu, yote. Yeye Clyde alikuwa na miguu mizuri na hana aibu, basi akavishwa. Efrain alitaka hivyo. Alisema yeye akisimama mbele za watu atazimia, aachwe kule juu asikilize wanavyocheka.

"Tukamzika kule Toledo," Clyde akasema. "Kanisani kwa mama. Wale akina mama wakaleta vyakula, si unawajua. Nikaenda mezani, nikachukua kijiko cha saladi ya viazi. Ina zabibu kavu."

Ozzie akaziba mdomo.

"Nilicheka, shoga. Mbele ya jeneza. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mama akadhani nimerukwa na akili. Tangu siku ile sijaweza kukisema tena. Siwezi. Na wala si changu."

Ozzie alikuwa anaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutaja majina ya watu. Alimtangaza kila aliyekanyaga lile jukwaa, wazuri kwa wabovu, hata fundi bomba mmoja aliyepita katikati kwa bahati mbaya alimtangaza na akapigiwa makofi. Jina la Efrain Rivas halijawahi kutoka kinywani mwake hata mara moja. Alisema hivyo kwa sauti, na Clyde hakumwambia usijali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Baadaye Clyde akasema, kitu kingine, mwisho unaukimbiza. Kidole kwenye sahani, sahani ya mwisho, halafu wewe unarusha sentensi kama unadaiwa. Efrain aliweka kimya pale. Kimya kirefu, mpaka mtu akohoe.

"Mtu gani?"

"Yeye. Mwanzoni ilikuwa ishara yetu. Mimi nafika kwenye sahani ya mwisho, nasubiri, watu wameshika pumzi, yeye kule juu akiona wamefika anakohoa. Ndipo nasema. Mwaka wa kwanza alikuwa anaigiza." Clyde akaichanua wigi kwa vidole. "Mwaka wa pili hakuhitaji kuigiza. Na mwaka huo ukiacha kimya ukumbini ulikuwa husubiri sana, wewe si unakumbuka. Kila kona kulikuwa na mwenye kikohozi."

Ozzie alikumbuka. Alikumbuka vizuri kwamba kikohozi kingine kilikuwa chake.

Jumapili ilipofika Ozzie alimwekea Clyde kiti cha mbele, katikati, akakiwekea na karatasi ya kuzuia watu wasikikalie. Wakati wa kuanza kiti kilikuwa kitupu. Akamfanya Lonnie, akachungulia, kiti kitupu. Akamfanya Yukio, akiwa ameinyoosha wigi yake kadiri alivyoweza, kitupu. Basi la Ohio huondoka alasiri, na Clyde asubuhi ile alikunja blanketi vizuri mno, kama anavyokunja mtu anayeaga. Ozzie alijisemea na aende, ana haki ya kwenda, mtu hawezi kulazimishwa kusikiliza mazishi ya mpenzi wake yakichekwa. Lakini sasa hakujua kama ameruhusiwa. Clyde alisema kichekesho si chake. Hakusema kichukue.

Alisimama mbele ya wigi ya machungwa bila kuivaa. Ukumbi ukasubiri.

"Mabibi na mabwana," akasema, na sauti ikatoka ileile ya zamani, ya suti ya kumetameta, "misimu yote hii nimewaambia kwamba anayefuata ni Clyde Hutchins, apumzike pema. Nimepata taarifa kwamba Clyde yu mzima, anawafundisha watu wa Ohio kuegesha gari, naomba radhi kwake na kwa Ohio." Wakacheka. Akasubiri watulie. "Aliyefariki ni mwingine. Aliyetunga kila neno mtakalosikia alikuwa kijana wa taa. Alikuwa anakaa kule juu, hamjawahi kumwona, nami sikuwahi kumtangaza. Leo namtangaza. Tumpokee Efrain Rivas."

Watu wakapiga makofi, wengine wakageuka kutazama kule juu, ingawa kulikuwa na kioo tu na giza. Ozzie akavaa wigi. Akashika mkoba. Akaenda msiba wa kwanza, wa pili, watu wakaanza kulegea, akafika kwenye zabibu kavu na nusura acheke mwenyewe, akafika kwenye jeneza. Akainuka kidogo. Akapitisha kidole sahani baada ya sahani, taratibu, mpaka ya mwisho, na kidole kikasimama.

Akasubiri.

Mshereheshaji haogopi kitu duniani isipokuwa kimya. Ozzie ameishi kwa kukijaza. Sasa alikaa ndani yake, kidole hewani, na watu wakaacha kucheka, wakashika pumzi, na hakuna aliyekohoa. Wazee wenzake walikuwepo mle, wamenenepa, wana kucha safi, wanameza vidonge vyao asubuhi. Vijana walikuwepo, wazima wa afya. Ukumbi mzima hakuna kifua hata kimoja kibovu. Hilo lilimpiga Ozzie ghafla, kwamba anaweza kusubiri mpaka kesho na hakuna atakayekohoa kwa sababu wote ni wazima, na machozi yakaanza kumlenga, kidole bado kiko juu ya ile sahani.

Ndipo kutoka kule juu, nyuma ya kioo, kwenye kijumba cha Bernadette, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha uongo kabisa, cha mtu ambaye hajawahi kuumwa, mwembamba tu. Ozzie akainua kichwa kutoka kwenye jeneza.

"Mimi siendi popote," akasema, "mpaka nijue nani kaleta nini."

Bernadette akazima taa.